Mpangaji na Mwenye Nyumba: Nani Anamkopesha Mwenziwe?



Huenda baadhi yenu mkashangaa kuliona gazeti la visiwani limevuka bahari, likaipita Dar es Salaam, likaipita Dodoma, likaenda kusimama Tarime na Serengeti katika mkoa wa Mara ili lipate la kusema. Mtauliza: jee, hapa kwetu zimekwisha shida hata tukaazime za wenzetu? Jawabu yetu ni kwamba shida tunayoitaja leo si ya kuazima. Ni shida ya mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima yake, kukosa chumba cha kulala kwa kodi anayoimudu. Vijana wetu wa Unguja na Pemba wametapakaa miji ya bara wakitafuta riziki, nao hawakwenda na nyumba mgongoni kama kobe. Wanapanga. Na vijana wa Tarime na Mugumu wanaposhuka Dar es Salaam nao wanapanga, aghlabu katika nyumba hiyo hiyo, ukumbi huo huo, na choo hicho hicho cha uani. Basi mpangaji ni mpangaji, awe amevuka bahari au amevuka Mto Mara.

Sisi ni watu wa duka. Mwenye duka hayajui mengi ya serikalini, lakini liko jambo moja analiona kuliko waziri yeyote, nalo ni namna mwezi unavyokwisha. Daftari la mikopo haliwezi kusema uwongo. Jirani akilipa kodi ya nyumba sisi tunajua bila ya kuambiwa, kwani siku hiyo aliyekuwa akinunua unga kilo mbili hununua nusu, aliyekuwa akichukua chupa ya mafuta hutaka ya kupimiwa, na sukari huwa ameisahau kabisa. Kwa hivyo tunaposema habari ya kodi tunasema habari ya chungu cha watu, wala hatusemi habari ya matofali.

HALI ILIVYO TARIME NA SERENGETI

Tuanze na hali ilivyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta watu 1,743,830 katika mkoa wa Mara. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 2,372,015. Yaani katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya laki sita, na kila mmoja wao anataka paa juu ya kichwa chake. Wengi bado wanakaa katika miji ya wazee wao, kwenye boma na mashamba, na huko mtu halipi kodi ya chumba. Lakini wako wanaovutwa na mji, na mji katika wilaya hizi mbili una mivuto yake.

Tarime inavutwa na mambo matatu. La kwanza ni mpaka wa Sirari, ambako bidhaa na watu hupita mchana na usiku baina ya Tanzania na Kenya. La pili ni dhahabu ya Nyamongo, ambako mgodi mkubwa wa North Mara ulianza kutoa dhahabu kwa biashara mwaka 2002. La tatu ni mji wenyewe, pamoja na soko lake, hospitali yake, mahakama zake na afisi zake. Serengeti nayo inavutwa na hifadhi iliyotangazwa mwaka 1951, ambayo jina lake linajulikana ulimwengu mzima. Makao makuu ya wilaya ni Mugumu, na hapo ndipo wanaporejea jioni madereva, wapishi, mafundi na wauza maduka ambao riziki yao inafungamana na wageni waliokuja kutazama nyumbu.

Hebu mfikirieni mwalimu aliyepelekwa kusomesha wilayani humo, au muuguzi aliyepelekwa kituo cha afya. Serikali imempa barua ya kazi, lakini haikumpa nyumba. Anashuka stendi na begi lake, anauliza chumba. Hujibiwa kwamba vyumba viko, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo mmoja, na mwengine anataka ya mwaka mzima. Na pale mgodi unapokaribia, mwalimu huyo anashindania chumba kimoja na mtu mwenye mshahara wa mgodini. Katika shindano hilo mshindi anajulikana kabla ya mbio kuanza.

Wako pia wapangaji ambao hawatajwi katika hesabu yoyote, nao ni watoto wa skuli. Skuli ya sekondari ikiwa mbali na kijiji, na dakhalia haipo au haitoshi, mzazi humpangia mtoto chumba karibu na skuli, na vijana wenyewe hukiita geto. Msichana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano anakaa pekee yake, anapika pekee yake, anafunga mlango wa bati kwa komeo la msumari. Kodi ikichelewa kufika kutoka kwa wazee, nani atakayesimama baina yake na mtu mzima anayejitolea kumlipia? Wenye akili watafahamu tunakusudia nini, wala hatuna haja ya kuendelea. Asiyeiona kodi ya chumba kuwa ni jambo la siasa na aende akaulizie khatima ya mabinti hao.

SAFARI YA DAR ES SALAAM

Sasa tumfuate kijana anayeondoka. Amemaliza skuli Tarime au Mugumu, shamba la baba limegawika kwa ndugu, na ng'ombe si wengi kama zamani. Anapanda basi, anasafiri mchana kutwa na usiku, anashuka katika stendi kuu ya Mbezi Luis, ile iliyofunguliwa mwaka 2021. Mji alioufikia ulikuwa na watu 5,383,728 katika hesabu ya mwaka 2022. Siku za mwanzo hulala kwa ndugu, aghlabu pande za Ukonga, Gongo la Mboto au Kitunda. Lakini wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenyeji naye anakaa chumba kimoja na mke na watoto. Hapana budi kijana atafute chake.

Basi hukutana na dalali. Dalali humtaka kwanza fedha ya kumpeleka kuona vyumba. Humpeleka cha kwanza ambacho kimekwisha chukuliwa, cha pili ambacho kinavuja, na cha tatu ambacho hakimudu. Akikipata anachokimudu, hukuta ni chumba katika nyumba ya Kiswahili tunayoijua sote: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma, jiko moja la kugombania, choo kimoja cha kupangia foleni. Hatuisemi vibaya nyumba hiyo. Imewalea Waswahili wengi, na ndani ya ukumbi wake watu wa makabila mbali mbali wamezikana, wameozana na wamekopeshana chumvi. Tunachokisema ni bei ya mlango wake.

Tupige hesabu kama tunavyopiga dukani. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, basi ni 300,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, basi ni 350,000. Bado godoro, bado ndoo, bado jiko la mkaa. Mshahara wa chini wa watumishi wa serikali ulikuwa shilingi 370,000 kwa mwezi, na kuanzia Julai 2025 ukapandishwa kuwa 500,000. Mtumishi huyo, ambaye ni mwenye bahati kwa kuwa mshahara wake una uhakika, anatakiwa atoe sehemu saba katika kumi za mshahara wake wa mwezi mzima, kabla ya makato na kabla hajatia tonge kinywani. Mlinzi wa usiku, mchukuzi wa sokoni na mama anayekaanga mihogo hawana uhakika hata huo.

Tazameni vizuri, ndugu wasomaji. Kodi ya shilingi 50,000 kwa mwezi watu wengi wanaiweza. Wanaweza kuilipa mwezi huu, wakailipa mwezi ujao, wakailipa mwaka mzima bila ya kukosa siku. Wanachoshindwa ni kulipa leo kodi ya siku ambazo hazijachomoza jua. Umasikini wao ni wa kukosa fedha nyingi kwa wakati mmoja, na mtindo huu wa kodi umegonga pale pale penye jeraha.

NANI ANAMKOPESHA MWENZIWE?

Tulipokuwa wadogo chuoni mwalimu alitufundisha kwamba katika biashara jambo la kwanza ni kujua nani anamdai nani. Tuitumie ilimu hiyo hapa. Mtu anapompa mwenziwe fedha leo kwa kitu atakachokipata kidogo kidogo katika miezi sita ijayo, mtu huyo amefanya nini? Amekopesha. Hapana jina jengine. Mpangaji masikini, aliyekopa kwa jamaa zake ili apate ufunguo, ndiye anayemkopesha mwenye nyumba. Na mkopo huu hauna stakabadhi, hauna dhamana, na mwenye kukopesha hana sauti. Nyumba ikiuzwa mwezi wa tatu, fedha zake ziko wapi? Paa likivuja mwezi wa pili, atazuia nini ilhali amekwisha kutoa chote?

Lakini sisi hatutaki kuwa kama yule anayesikiliza upande mmoja akahukumu. Mwenye nyumba tunamjua, naye ni mteja wetu. Aghlabu si tajiri wa majumba mia. Ni mjane aliyejenga vyumba viwili uani ili asiwe mzigo kwa wanawe. Ni mwalimu mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake chote katika matofali. Amejenga kwa miaka kumi, leo msingi, mwakani ukuta, baadaye bati. Benki haikumfungulia mlango. Kwa hivyo anapotaka miezi sita, mara nyingi fedha hizo zinakwenda moja kwa moja kununua bati za chumba cha pili au kulipa ada ya mtoto. Na yuko mpangaji aliyemkimbia usiku na deni la miezi minne, akamwachia mlango uliovunjika. Naye anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

Ikiwa ni hivyo, basi ukweli mchungu ni huu: kwa kuwa taifa halikumpatia mjenzi mdogo njia ya kukopa, mjenzi mdogo amegeuka kumkopa mtu mnyonge kuliko yeye. Mpangaji amefanywa benki. Wanyonge wawili wanakamatana mashati gizani, na aliyeizima taa ameketi pembeni hatajwi.

TULIKOTOKA

Mambo haya hayakuanza leo, wala hayakukosa kujaribiwa dawa. Sisi wa visiwani tunakumbuka kwamba mwaka 1928 watu wa Ng'ambo, waliokuwa na vibanda vyao juu ya ardhi ya wengine, waligoma kulipa kodi ya ardhi iliyokuwa ikipandishwa, na vurugu lake likaifanya serikali ya mkoloni itunge sheria ya kuzuia kodi hizo. Wazee wetu hawakuwa na magazeti ya kuwasemea. Walisema kwa umoja wao.

Bara, mwaka 1962, mwaka wa kwanza wa uhuru, liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Lilibomoa vibanda vibovu mahali kama Magomeni na kujenga nyumba za watu wa kawaida. Mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakai, na majumba hayo yakatiwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika. Ilikuwapo pia sheria ya kuzuia kodi za nyumba, na ya mwisho ilitungwa mwaka 1984. Chini yake kulikuwa na mabaraza ya kodi, na mwenye nyumba hakuweza kupandisha wala kufukuza apendavyo.

Jee, dawa hizo ziliponyesha? Tuseme kweli, ziliponyesha nusu. Waliobahatika kuingia katika nyumba za kodi ndogo walishukuru. Lakini wajanja walishika nyumba za umma wakazikodisha kwa wengine kwa bei ya kupaa, na waliotaka kuingia walidaiwa kilemba, fedha ya kupewa ufunguo isiyoandikwa popote. Mwenye uwezo wa kujenga nyumba kubwa ya kupangisha akasita, akihofu kwamba leo ataijenga na kesho itatwaliwa. Ndipo mwaka 2005 sheria ile ya kuzuia kodi ikafutwa huko bara. Waliokuwa wamekaa upande wa mpangaji waliondoka, na hapana aliyekuja kukaa mahala pao. Jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Sirari, waliiacha sheria yao katika vitabu, lakini iliwahusu wenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, na kikomo hicho kiliachwa miongo mingi bila ya kupandishwa, hata sheria ikawa kama mwavuli wa mtoto kwa mtu mzima.

Ulimwengu mwengine ulikwenda njia nyengine. Singapore iliunda bodi yake ya nyumba mwaka 1960, miaka miwili tu kabla ya Shirika letu. Leo wakaazi wanane katika kila kumi wa kisiwa kile wanaishi katika nyumba zilizojengwa na bodi hiyo, na wengi wao wamezinunua kwa muda wa miaka 99. Sisi na wao tulianza safari karibu siku moja. Wao walijenga bila ya kusita na walijenga kwa wingi, katika ardhi iliyotengwa makusudi. Hatusemi kwamba nchi kubwa yenye mashamba ni sawa na kisiwa cha mji mmoja. Tunasema kwamba ilikuwa inawezekana.

NYUMBA ZISIZOKALIWA

Na hapa iko ajabu ya Nyamongo ambayo kila mwenye akili ataitafakari. Pembezoni mwa mgodi watu wamezoea jambo wanaloliita tegesha. Habari ikienea kwamba mgodi utapanuka na wenye ardhi watalipwa fidia, nyumba huota kama uyoga. Hujengwa haraka, nyengine bila ya msingi wa maana, si kwa ajili ya kukaliwa bali kwa ajili ya kuhesabiwa na mthamini. Kumekuwa na ugomvi mwingi juu ya nyumba hizo, mgodi ukisema ni hila, na wanakijiji wakisema kwamba walifungiwa ardhi yao kwa miaka wakisubiri malipo wasiyoyaona.

Sisi hatutaingia katika kesi hiyo kutoka mbali. Tunaloliona ni hili: katika tarafa moja kuna kuta zisizo na watu na kuna watu wasio na kuta. Bati limepanda juu ya nyumba ya kungojea fidia, na mwalimu wa skuli ya jirani anatembea masafa kila alfajiri kwa kukosa chumba. Mtu huijenga nyumba ya namna hiyo kwa kuwa amehesabu, akaona fidia ndiyo faida. Lau kupangisha kwa haki kungekuwa na faida yenye uhakika, na lau fidia ingelipwa kwa wakati, matofali yale yale na mikono ile ile ingejenga vyumba vya watu.

KODI JUU YA KODI, NA SUALA LA KABILA

Juu ya hayo mpangaji amebebeshwa mzigo ambao si wake. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa katika umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Kodi ya majengo ni kodi ya mwenye jengo, na jina lake lenyewe linasema. Lakini mashine haijui nani mwenye nyumba. Inamjua anayenunua umeme. Ilisemwa kwamba mpangaji akaelewane na mwenye nyumba amrejeshee. Kuelewana ni neno zuri baina ya watu wenye nguvu sawa. Mpangaji anayeogopa kufukuzwa hatampelekea mwenye nyumba hesabu ya shilingi 1,500.

Na liko jengine ambalo linatuuma. Wako wenye nyumba, na wako madalali, wanaomwuliza mtu kabila lake kabla ya jina lake. Mkurya huambiwa kwamba watu wake ni wakali. Mpemba huambiwa kwamba watu wake hawachanganyiki. Mwanamke asiye na mume huambiwa kwamba ataleta maneno, na mwenye watoto wengi huambiwa kwamba choo kitajaa. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza ubaguzi wa kabila, wa dini na wa mahali mtu alipotokea. Hatudhani kwamba waliokaa Tarime miaka mingi wakiuziana mahindi na majirani wa kila namna wanahitaji kufundishwa kuishi na watu. Aliyemnyima mtu chumba kwa ajili ya kabila amejinyima mpangaji aliyekuwa tayari kulipa, na amejifanya mdogo.

LA KUFANYWA

Watu wa serikali watatuambia: nyinyi wa upinzani kazi yenu ni kulalamika. Haya, tumekwisha lalamika. Sasa tunatoa rai.

Kwanza, sheria iseme wazi kwamba kodi ya kutanguliza isizidi miezi mitatu, na baada ya muda isizidi mmoja. Bungeni jambo hili limetajwa zaidi ya mara moja, na ahadi ni deni. Hatutaki bei ya chumba ipangwe na afisa wa serikali. Tumekwisha ona namna bei ya kupangwa inavyozaa kilemba. Tunataka namna ya kulipa irekebishwe. Na anayetaka kutanguliza zaidi kwa hiari yake apunguziwe kodi, kwani huo ni mkopo, na mkopeshaji ana haki yake.

Pili, mwenye nyumba apewe ulinzi badala ya fedha anazoziachia. Apewe amana ya mwezi mmoja iliyoandikwa, na baraza litakaloamua haraka kesi ya mpangaji asiyelipa. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba yapo kwa sheria ya mwaka 2002, na Tarime lipo. Lakini mtu wa kijijini akihesabu nauli, siku za kupoteza kazi na tarehe za kuahirishwa, huona bora aache haki yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kesi ndogo za kodi zitengewe siku yake na zimalizwe siku chache.

Tatu, kila upangaji uandikwe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayevunja upangaji usio na muda maalumu atoe ilani isiyopungua kipindi ambacho kodi yake hulipwa. Wangapi wanalijua hilo? Halmashauri zichapishe karatasi moja ya mkataba kwa Kiswahili chepesi, ipatikane kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji bila ya malipo, na kila fedha iwe na stakabadhi. Karatasi hiyo hiyo ioneshe kwamba kodi ya majengo iliyokatwa katika umeme inatolewa katika kodi ya chumba.

Nne, dalali alipwe na aliyemtuma. Ikiwa mwenye nyumba ndiye anayetafuta mpangaji, basi amlipe yeye. Na fedha ya kupelekwa kuona chumba ikomeshwe, kwani duniani hapana duka linalotoza watu kwa kutazama bidhaa.

Tano, halmashauri za Tarime na Serengeti zinapata mapato kutoka mgodini na kutoka kwa wageni wa hifadhi. Sehemu ya mapato hayo ijenge vyumba vya kupangisha kwa walimu, wauguzi na wafanyakazi wadogo, karibu na kazi zao, na dakhalia za wasichana karibu na skuli. Visijengwe vya fahari ya kupigiwa picha siku ya kufunguliwa. Vijengwe vyumba vya kawaida, vyenye maji, choo na mlango unaofungika. Na wajenzi wadogo wasaidiwe kukopa kwa vyama vyao vya akiba na mikopo, ili wasilazimike kumfanya mpangaji kuwa benki.

Iko hoja itakayoletwa, nayo tunaijua: mkibana malipo ya mbele, wenye nyumba watapandisha kodi ya mwezi, au wataacha kujenga. Huenda wako watakaopandisha. Lakini mtu anayelipa kwa mwezi anaweza kuhama kwa mwezi, na mwenye chumba kizuri kwa bei ya haki atapata watu, na mwenye tamaa atabaki na chumba kitupu. Hiyo ndiyo biashara tunayoijua sisi wa sokoni: mteja huwa na nguvu anapoweza kwenda duka la pili. Leo mpangaji hana nguvu hiyo, kwa kuwa miguu yake imefungwa kwa fedha zake mwenyewe.

Tunamaliza kwa kuwaambia wakubwa wa Dodoma na wakubwa wa hapa Unguja neno moja. Mambo ya ardhi na nyumba si ya Muungano. Kila upande una sheria zake. Basi kila upande una wajibu wake, na hapana wa kumsingizia mwenziwe. Na kwa wapangaji wenzetu wa Tarime, wa Mugumu, wa Gongo la Mboto na wa Ng'ambo tunasema: dai karatasi, dai stakabadhi, na usione haya kuuliza, kwani fedha uliyoitanguliza ni jasho lako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utaujenga kwa fedha yako katika nyumba ya mtu mwengine.